Kompyuta Kuukuu: Nani Aseme Imezeeka?



Zamani za taipureta swali hili halikuwapo. Utepe ukichakaa ulinunuliwa mwingine, herufi ikivunjika aliitwa fundi, na mashine moja iliweza kumwona karani akianza kazi na ikamwona akistaafu. Haikutokea mtengenezaji akatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao mashine yenu, ingawa yapiga chapa vizuri, yeye hana habari nayo tena. Kompyuta ndiyo hutangaziwa hivyo. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza bure Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hii ni programu iliyokuwa ikiendesha kompyuta nyingi sana tangu mwaka 2015. Watu wa majumbani walipewa mwaka mmoja wa nyongeza kwa masharti. Mrithi wake, Windows 11, huzikataa kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018, hata zile zisizo na kosa lolote.

Basi mashine iwakayo, iandikayo na kuchapa, imezeeka au haijazeeka? Na ni nani mwenye haki ya kusema?

Wengine watasema hilo ni swali la fundi na mtunza hazina. Sisi hatuoni hivyo. Uamuzi ambao gharama yake hulipwa na watu wasiokuwapo kikaoni ni jambo la haki na dhuluma, hata kama chenyewe kinachoamuliwa ni kisanduku cha bati na plastiki.

Kwanza tutenganishe uchovu na uzee. Kompyuta nyingi zinazoitwa kuukuu zimechoka tu. Feni imejaa vumbi, mashine yapata joto, nayo hujipunguzia mwendo ili isiungue. Au ndani yake mna diski ya zamani, ile izungukayo kama sahani ya santuri, na kila faili lazima litafutwe juu yake. Ikiondolewa hiyo ikawekwa diski isiyozunguka, ambayo mafundi huiita SSD, mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuamka huamka upesi mno hata mwenyewe akashangaa. Tena kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM, katika kompyuta nyingi huweza kuongezwa kutoka gigabaiti 4 hadi 8. Kwa kuandika barua, kutunza hesabu na kuchapa ratiba ya ibada, hayo yatosha kwa miaka. Wahenga walionya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini pia walijua kwamba kipya kinyemi, na twadhani nusu ya maombi ya kompyuta mpya yaletwayo mbele ya kamati yatokana na unyemi huo. Jirani amenunua, basi ya kwetu yaonekana mbaya.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo hupendwa sana na watu wabanifu. Husema, "Mbona bado inawaka?" Kuwaka si hoja. Programu isiyotunzwa ni kama mlango ambao kitasa chake kimelegea na fundi wake amehama mji. Wezi huendelea kutafuta nyufa mpya, na hakuna wa kuziziba. Sasa tazama yaliyomo ndani ya kompyuta ya ofisi ya parishi: majina na simu za watu, ahadi na sadaka za kila nyumba, pengine na barua ya mama aliyeandika habari za ndoa yake akidhani itasomwa na padre peke yake. Mali hiyo si yetu. Anayeiacha nyuma ya mlango mbovu kwa sababu anaokoa fedha, aokoa fedha kwa kuhatarisha siri ya mwingine. Hapo ndipo tunaposema kompyuta imezeeka kweli: inapokuwa haiwezi tena kuwalinda wale ambao mambo yao yamo ndani yake, na wala hakuna njia ya kuitengeneza.

Na njia mara nyingi ipo. Zipo programu za kuendeshea kompyuta zitolewazo bure, kama vile Linux Mint na Ubuntu, ambazo hukaa vizuri katika mashine zilizokataliwa na Windows 11. (Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu.) Mtumiaji atahitaji kujifunza upya mambo machache, na atanung'unika juma zima. Tena mashine isiyounganishwa na intaneti kamwe, ya kuandikia na kuchapia tu, yaweza kuachwa ilivyo hadi ife yenyewe.

Kwa nini tusumbuke hivyo? Kwa sababu kompyuta mpya haianzii dukani. Kobalti ya betri za kompyuta za mkononi kwa sehemu kubwa hutoka Kongo, pande za Kolwezi, ambako watu wazungumzao Kiswahili kama sisi huchimba, wengine kwa mikono yao. Wala ya zamani haiishii mlangoni mwetu. Mwaka 2022 dunia ilitupa takataka za umeme tani milioni 62 hivi, na isiyofika robo yake ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kuyeyushwa kwa utaratibu. Zinazobaki, sehemu yake huishia mikononi mwa vijana wachomao nyaya wapate shaba, huku wakivuta moshi wake. Nchi za Afrika zilifanya mapatano huko Bamako mwaka 1991 kuzuia takataka za sumu zisiingizwe barani, lakini mashine mbovu hupita bandarini zikiitwa mitumba, au msaada.

Neno hilo, msaada, latuhusu. Ikiwa tumeona kompyuta haifai ofisini kwetu, tusiipeleke shule ya kijijini kwa hotuba na picha bila kusema kasoro yake. Mwalimu mkuu aambiwe wazi: betri haishiki moto, programu haitunzwi tena, fundi atahitajika. Naye awe na ruhusa ya kukataa bila kuonekana hana shukrani. Na kabla mashine haijatoka, diski yake ifutwe kwa programu ya kufutia, si kwa kutupa mafaili katika kapu lililo kwenye kioo, maana humo fundi yeyote huyaokota kesho yake.