"Sisi" ni Nani? Nafsi Neni na Suala la Uwezeshaji katika Nyimbo Mbili za Queen

Vivugo vya Wahima wa Ankole, ambavyo H. F. Morris alivichapisha mwaka 1964, ni majigambo yenye mwenyewe. Anayeghani hujiita kwa majina ya sifa, hutaja mapambano na mahali yalipotukia, na hadhira iliyo mbele yake humjua. Mhakiki akiulizwa nafsi neni ni nani, jibu halimtatizi. Ugumu huanza mtu anapozigeukia nyimbo za ushindi za muziki wa roki nzito, ambazo huimbwa na maelfu ya watu wasiojuana na husifiwa kwa kuwapa wanyonge nguvu. Nguvu hiyo hupewa nani, na dhidi ya nani? Swali hili ni la kimaadili kabla halijawa la kifani, na nyimbo mbili za bendi ya Uingereza iitwayo Queen zafaa kulipimia.

Asili ya nyimbo hizo yajulikana. Mwaka 1977, baada ya onyesho katika ukumbi wa Bingley Hall, Stafford, watazamaji hawakutawanyika, bali waliwaimbia wanamuziki wimbo ambao mashabiki wa kandanda wa Liverpool wameufanya kuwa wao. Brian May, mpiga gitaa, ameeleza kuwa tukio hilo lilimfanya ajiulize ni kitu gani watu waliobanana wima ukumbini waweza kukifanya. Jibu lilikuwa kupiga miguu chini, kupiga makofi na kuimba. "We Will Rock You" ulitungwa juu ya msingi huo. Mpaka gitaa lisikike mwishoni, wimbo hauna ala. Una vishindo viwili na kofi moja. Studioni London, watu wachache walipiga miguu juu ya mbao, na mitambo ikaizidisha sauti hiyo hata ikasikika kama ya umati. Kwa hiyo umati wa kubuni uliutangulia umati halisi: kiitikio kilirekodiwa kikiwangoja waitikiaji. Freddie Mercury naye alitunga "We Are the Champions", na nyimbo hizo mbili zikaifungua albamu ya News of the World mwezi Oktoba mwaka huo.

Katika wimbo huu wa pili, beti husemwa kwa nafsi ya kwanza umoja. Yupo mtu aliyeadhibiwa, aliyekosea, aliyedhalilishwa, naye amevumilia. Kifikapo kiitikio, "mimi" hugeuka ghafla kuwa "sisi", na hakuna neno lililotangulia kueleza hao wengine ni akina nani. Mruko huo ndio siri ya uwezeshaji wake. Msikilizaji huingia katika wingi wa washindi bila kudaiwa gharama ambayo "mimi" wa beti ameilipa. Irabu ndefu na mwendo wa pole humsaidia hata asiyejua kuimba. Wapo wanaopenda kuufasiri wimbo kwa tarikhi ya mtunzi: Farrokh Bulsara, Mparsi aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Ufasiri huo unavutia, hasa kwa msomaji wa Afrika Mashariki, lakini matini yenyewe haiutolei ushahidi wowote.

Kuna jambo ambalo waimbaji wengi hulipita mbio. Kiitikio hichohicho kinachowakaribisha wote kinawafukuza walioshindwa; hakina muda nao. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani, methali inayompa mshinde heshima yake ndani ya mashindano. Wimbo wa Mercury haumpi mahali. Basi "sisi" iliyo wazi kwa kila mtu ina ukuta, ila haikusemwa ukuta huo umejengwa wapi. Kila umati hujijengea wake.

Oktoba 1984 jambo hili lilipimwa. Queen ilitumbuiza Sun City, mahali pa starehe na kamari huko Bophuthatswana, mojawapo ya "nchi" zilizobuniwa na serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini. Bophuthatswana ilipewa "uhuru" wake Desemba 1977, wiki chache tu baada ya albamu ile kutoka, na jumuiya ya kimataifa haikuutambua. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliitoza bendi faini. Wanabendi walijitetea kuwa wao si watu wa siasa, na kwamba humpigia muziki yeyote anayetaka kuusikiliza. Utetezi huo haukuwa wa hila. Unalingana kabisa na fani ya nyimbo zao. Aliyetunga "sisi" isiyomtaja adui hawezi kumzuia adui asiiimbe. Lakini kulingana na fani si kuhalalishwa kimaadili. Mahali ambapo wengi wamenyimwa uraia wa nchi yao, kuwaimbisha walioweza kununua tikiti kwamba wao ni mabingwa ni kuchagua upande.

Yamkini mtu atajibu kuwa wimbo unaomtaja adui hufa naye. Hoja hii ina uzito. Mwaka 1985 Steven Van Zandt aliwakusanya wasanii wengi katika wimbo uitwao "Sun City", uliopataja mahali na kukataa waziwazi kwenda kutumbuiza huko. Tangu ubaguzi ule uanguke mwaka 1994, wimbo huo husikika kwa nadra, ilhali ule wa Mercury ungali viwanjani. Hata hivyo, kudumu ni kipimo cha matumizi, na kitu kinachotumiwa na kila mtu hakijawa chema kwa sababu hiyo. Julai 2016, Donald Trump aliingia jukwaani kwa "We Are the Champions" katika mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini Cleveland, nayo bendi ikalalamika kuwa haikutoa idhini. Msimamo wa kutojihusisha na siasa, uliofungua mlango mwaka 1984, safari hii ulitumiwa kuufunga. Ni dhahiri kuwa watunzi wenyewe hawakuamini tena kwamba nafsi hiyo ni ya yeyote.

Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kuwa ana UKIMWI. Tarehe 20 Aprili 1992 umati ulikusanyika katika uwanja wa Wembley kumkumbuka na kuuzindua ulimwengu kuhusu ugonjwa huo, wakati ambapo wagonjwa wengi walikuwa wakitengwa hata na jamaa zao. Liza Minnelli aliongoza wimbo. Waliouitikia walimjua "mimi" wa beti zile ni nani, na alikuwa ameshindwa.