Ni nani anapashwa kutuambia kama mulima utapasuka?

Hapa Annexe mulima wa moto hauko. Mulima tunaoujua ni ule mweusi wa masalio ya shaba ya Gécamines, na ule haupasuke. Lakini tuko na ndugu wengi waliotoka Kivu, na usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika, simu zililia mpaka asubuhi. Ni juu ya ile tunaandika.

Wazee wa kule Virunga walisema roho za watu wema zinapumzika Karisimbi, kwenye baridi, na za wabaya zinaungua ndani ya Nyiragongo. Kwao mulima njo uliangalia watu. Leo ni watu wanaoangalia mulima. Satelite yenye radare, kama Sentinel-1 ya Ulaya iliyorushwa 2014, inatuma mawimbi chini na kuyapokea tena. Mawingu na giza haviisumbue. Wanalinganisha picha za siku mbili mbalimbali, na kama udongo umevimba hata sentimetre chache, wanaona.

Ile siku ya 22 Mei radare haikuonya mutu. Moto ulikuwa tayari karibu na juu, udongo haukuvimba mbele. Kisha ikakuwa kinyume: radare na mitetemeko vikaonyesha moto umeingia chini ya muji wa Goma mpaka chini ya ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi akaamuru kartie 10 zitoke. Watu mamia ya maelfu wakakimbilia Sake, Rwanda, Bukavu. Wengi walilala inje. Na moto haukutoka.

Basi alidanganya? Kuko wanaosema watu waliteseka bule. Sisi hatukubali. Mutu akikuamsha chini ya muti uliooza, na muti usianguke, utamwita muongo? Lakini anayekuamsha usiku anapashwa kukuonyesha pa kulala. Pale deni lilibaki.

Kuko na lingine. Picha za Nyiragongo zinachambuliwa pia Luxembourg na Tervuren, lakini OVG, kituo cha Goma chenyewe, kilikaa miezi bila intaneti kisha makuta ya Banque mondiale kuisha 2020. Kwa wazee, aliyeona moto wa pori alipiga kelele kwanza, halafu ndipo aliuliza shamba ni la nani. Siku ya leo anayeona yuko mbali, na anayeungua anangoja mpaka mutu alipe konneksio.