Ghushi katika Sarafu za Fedha

 

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani zingalimo majumbani riale za fedha walizotuachia wazee. Leo hazinunui kitu dukani, lakini wako watu wapendao kukusanya sarafu za kale, na baadhi yake huzilipia kuliko uzito wa fedha iliyomo. Penye faida hiyo ghushi imeingia, na yatupasa kuijua hukumu yake.

Riale iliyo mashuhuri kwetu ni ile yenye sura ya Maria Theresa wa Austria na tarehe ya 1780. Malkia huyo alikufa mwaka huo huo, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa Vienna kwa tarehe ile ile, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Roma, London na Bombay. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha safi. Basi auzaye riale iliyopigwa Bombay wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akasema ina zaidi ya miaka 200, fedha yake ni ya kweli na neno lake ni la uwongo. Biashara huharibika kwa neno kama iharibikavyo kwa madini.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta ndani kumerowa. Mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamlaumu kwa kutouweka wazi ule umajimaji watu wakauona, na akamkana mwenye kughushi. Chakula kile kilikuwa chakula kweli. Kilichofichwa ni aibu yake. Na riale iliyotobolewa ikazibwa hukumu yake ni hiyo hiyo.

Imamu Al-Ghazali, katika Ihyaa, ameonya kwamba dirhamu mbovu hupita mkono hata mkono, na dhambi yake yaweza kumfuata aliyeitoa hata baada ya kufa kwake. Tena amemwajibisha mfanya biashara ajifunze kuzijua sarafu, asije akampa Muislamu iliyo mbovu naye hajui.

Huenda mtu akasema, "Sisi si masonara, tutajuaje?" Jawabu ni kuwauliza wajuao. Huko Marekani yako makampuni yafanyayo kazi hii, kama PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987. Wajuzi wao huikagua sarafu, wakapambanua ya kweli na ya bandia, na iliyosuguliwa na isiyosuguliwa. Kisha huipa daraja baina ya 1 na 70, wakaifungia katika kibweta cha plastiki chenye nambari. Ujira wa kazi kama hiyo ni halali. Lakini daraja ni rai ya mwanadamu, na wako waghushi waigizao hata kibweta chenyewe. Basi nambari na ihakikishwe kwa kampuni kabla ya kulipa. Na kwa riale ya kawaida gharama yaweza kupita thamani yake; hiyo itoshe mizani na sonara mwaminifu. Sumaku peke yake haitoshi, kwani shaba na risasi nazo hazivutwi.

Jambo zito zaidi ni mirathi. Mtu hufa akaacha kasha la sarafu, na ndugu mmoja akaziuza zote kwa uzito kwa mnunuzi apitaye mlangoni, ilhali mjane na mayatima hawajui kilichotoka. Msimamizi wa mali ya yatima hana ruhusa ya kubahatisha. Na zikaguliwe kwanza, ndipo zigawiwe. Wala zisisuguliwe kwa majivu wala ndimu, kwani mng'aro huo huziondolea thamani.

Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijra, ilichorwa mizani. Wazee wetu waliishika kila siku. Mwenyezi Mungu, aliyewaonya wapunjao katika Sura ya Al-Mutaffifin, atujaalie tuwe na mizani hiyo katika ndimi zetu. Amin.