Kipimo cha Mvua na Amana ya Mwenye Kukitunza

Katika Mkoa wa Singida, ambako mvua za msimu mmoja huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma yapata Aprili, suala la mvua halijawahi kuwa la kitaalamu peke yake. Wanyisanzu wa Wilaya ya Mkalama wamekuwa na watemi wao wa mvua huko Kirumi, mwanamume na mwanamke wa ukoo mmoja, na mvua ilipokawia waliuliza kwanza ni nani aliyeiharibu. Waislamu husali Istiska, yaani sala ya kuomba mvua, na mwisho wa Sura ya Luqman huitaja mvua miongoni mwa mambo yaliyo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Je, mtambo wa kupima mvua unaosimikwa uwanjani na kutuma vipimo kwa mawimbi ya redio, bila waya, unaingilia elimu hiyo ya ghaibu, yaani mambo yaliyofichika?

Hauingilii, kwa sababu kipimamvua hakijui mvua ijayo. Hushuhudia tu iliyokwisha kunyesha. Maji hupita kwenye faneli na kujaza kikombe kidogo chenye pande mbili, ambacho katika mitambo mingi hupinduka kila inapotimia milimita 0.2, na kila mpinduko huhesabiwa. Hatari ya kweli iko kwenye ushahidi wenyewe: buibui akitanda utando ndani ya faneli, au vumbi la kiangazi likigandamana kwenye tundu lake, mvua itanyesha na mtambo utatuma sifuri, na sifuri hiyo haina alama yoyote ya kuitofautisha na sifuri ya ukame.

Hapo ndipo dini ina neno zito zaidi. Qurani katika Sura ya Al-Mutaffifin huwalaani wapunjao vipimo, na kitabu cha Mithali husema Bwana huchukia mizani ya hadaa. Na ingawa anayepuuza hakudhamiria kupunja kama mfanyabiashara mdanganyifu, mkulima wa alizeti anayepanga kupanda kwa kutegemea takwimu hizo hupata hasara ileile. Basi kuusimika mtambo mbali na mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha mti huo, kama Shirika la Hali ya Hewa Duniani linavyoelekeza, kuunyoosha kwa pimamaji, na kupangusa paneli ya jua inayochaji betri, ni sehemu ya uadilifu, si ufundi mtupu. Waliouliza ni nani aliyeharibu mvua walikuwa na hoja inayofaa kuhifadhiwa: kabla ya kuilaumu mbingu, mwenendo wa watu uchunguzwe.

Kila shule au kijiji kinachokabidhiwa mtambo wa namna hii kimteue mtunzaji kabla ya Novemba, naye aandike waziwazi kila kipindi ambacho faneli iliziba, ili mtu yeyote asiisome sifuri ya uzembe kama ukame.