Njia ni ya Nani?

Ukisimama Kibera utaona reli ikipita katikati ya nyumba. Ukienda Kawangware utakanyaga barabara iitwayo Naivasha. Reli ile na jina lile huelekea mahali pamoja: ukingo wa Bonde la Ufa, ambako nyanda za juu hukoma ghafula na ardhi ikaporomoka. Hapo tangu kale pana mapito baina ya nchi ya Wakikuyu na mbuga za Wamaasai. Nakuuliza: njia kama hiyo ni ya nani?

Yuko atakayejibu kuwa ni ya aliyeijenga. Lakini ni nani huyo? Kabla ya reli, wanawake wa Kikuyu waliteremka na vyakula kwenda kufanya biashara na Wamaasai, na hata wanaume walipopigana, aghalabu wao waliachwa wapite salama. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Kwa muda mabehewa yaliteremshwa ukingoni kwa kamba za chuma, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Victoria. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 walikufa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, barabara ya kuteremka bondeni ilichongwa na mateka wa Kitaliani, ambao walijenga pia kanisa dogo kando yake. Ikiwa njia ni ya mjenzi, basi wenyewe wamekwisha kufa au walirudi makwao.

Mwingine atasema kuwa ni ya jirani yake. Neno hili lina uzito. Mtu wa Kibera huona shehena za wengine zikipita mlangoni pake, naye asiambulie ila kishindo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni hupita na mwenyeji asipone. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, reli iling'olewa Kibera. Uchungu ulikuwa wa kweli. Je, pigo lilimwangukia nani? Reli ile ilipeleka mizigo Uganda, kwa watu ambao hawakupiga hata kura moja katika uchaguzi ule.

Kwa hiyo nasema kuwa njia ni amana. Mpitaji ana deni kwa wakaao kando yake, nalo halilipwi kwa shukrani tupu bali kwa haki: wapate sehemu yao ya neema ipitayo. Jirani naye ana deni kwa asiowaona, walioko ng'ambo ya ukingo. Deni la mmoja likikataliwa, la mwenziwe halifutiki.

Wewe nawe leo ni mpitaji, kesho utakuwa jirani. Siku utakapokuwa na hasira ya haki, wakumbuke wanawake wale wenye mizigo mgongoni. Vita vilikuwa vita, na njia ikabaki njia.