Mfungo na Damu ya Dada Zetu

Swali la juma hili lilitoka kwa dada mmoja wa ushirika wa vijana. Aliliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama: "Pasta, nikimeza tembe za kuongeza damu wakati wa mfungo wa siku 21, nimevunja mfungo?"

Jibu ni hapana. Meza. Lakini ndani ya swali hilo kuna lingine, na hilo ndilo linaninyima usingizi. Je, mtu anaweza kumtolea Mungu kitu ambacho hana? Na sisi tunaopokea utumishi wake, tuna haki ya kupokea tu bila kuuliza umetoka wapi?

Tuongee wazi, maana kanisani tunapenda kuzungukazunguka tukifika kwa mambo ya hedhi. Mwanamke wa umri wa kuzaa hupoteza damu kila mwezi, na pamoja na damu huenda madini ya chuma. Ndiyo sababu yeye huhitaji takriban miligramu 18 za chuma kwa siku, na mwanamume 8 zinamtosha. Asipokula vizuri, akiba inaisha polepole, bila kelele. Hana homa, hana kidonda. Anachoka tu. Akipanda ngazi moyo unakimbia, akisimama ghafla anaona giza, kichwa kinamgonga kila jioni. Wengine huanza kutamani vitu visivyo chakula: udongo, barafu, odowa. Tunacheka msichana akitafuna odowa kwa matatu, lakini mara nyingi huo ni mwili unaolia. Akipimwa na damu iwe chini ya gramu 12 kwa desilita, na hana mimba, daktari atasema ana upungufu wa damu.

Sasa hebu weka ratiba yetu juu ya mwili huo. Ijumaa kesha. Jumamosi mazoezi ya timu ya sifa, kisha kufagia kanisa na kupanga viti, kazi ambayo sijui kwa nini huangukia akina dada. Jumapili ibada mbili. Jumatatu saa mbili yuko kazini. Ikifika Januari tunaongeza mfungo, na jioni anaufungua kwa chai ya maziwa na mkate. Mimi ni Mkenya, siwezi kuisema chai vibaya. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kuchukua chuma kilicho ndani ya chakula hicho. Ngoja saa moja au mbili hivi. Anza na ndengu au maharagwe na managu au terere, weka omena, au maini kama mfuko unaruhusu, halafu kamulia ndimu juu au kula chungwa, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Hakuna kitu hapo cha kukufilisisha.

Halafu siku moja anaanguka akiwa mbele, na sisi tunashangilia. Wapendwa, si kila anayeanguka ameangushwa na Roho. Wengine wameangushwa na njaa.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, na kuna sheria moja ya huko ambayo hunirudia kila nikisoma 1 Wakorintho 6. Kampuni hairuhusiwi kugawa mtaji wake ikijidai inagawa faida. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inasema hivyo waziwazi: mgao hutoka kwa faida. Mkurugenzi anaweza kuwa mkarimu kabisa, ana moyo mzuri, anataka kufurahisha watu wote. Bado hana ruhusa, kwa sababu ule mtaji si wake. Paulo anatuambia mwili nao si wetu, ulinunuliwa kwa gharama. Mstari huo tunautumia kila wiki juu ya uzinzi na pombe. Ni mara ngapi umesikia ukihubiriwa juu ya msichana anayelala saa nne kila usiku kwa sababu ya kazi ya Bwana? Kama mwili si wangu niuchafue, basi pia si wangu niumalize.

Najua mtakachonijibu, na ni jibu zito. Yule mjane wa Marko 12 alitoa vyote alivyokuwa navyo, na Bwana hakumwambia arudishe hata senti moja. Esta alifunga siku tatu bila chakula wala maji. Kujinyima kusikouma ni kujinyima gani? Nakubali. Sihubiri dini ya starehe, na mimi mwenyewe hufunga. Lakini soma Marko 12 kuanzia juu kidogo. Kabla tu ya habari ya mjane, Yesu anawaonya watu kuhusu walimu wanaokula nyumba za wajane. Mjane anasifiwa kwa moyo wake. Wanaosimamia sanduku hawasifiwi popote. Kwa hiyo maswali ni mawili, na sisi viongozi huwa tunauliza lile la kwanza tu. La kwanza ni kama mtoaji ana moyo. La pili ni kama mpokeaji ana dhamiri.

Angalia wanaokusanya damu ya hospitali. Damu inahitajika, kuna mama anayejifungua anaihitaji leo. Unakuja kwa hiari yako, umekunja mkono wa shati. Wanakupima kwanza. Ikiwa damu yako iko chini wanakushukuru na kukurudisha nyumbani. Wala hawapokei kwa kipimo kimoja: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mwanamume angoje wiki 12 kabla ya kutoa tena, na mwanamke wiki 16. Hakuna anayesema wanamdharau mwanamke. Wanajua tu kwamba hazina yake hujaa polepole. Kwani kanisa liwe na huruma kidogo kuliko watu wa damu?

Daudi alilielewa jambo hili. Katika 2 Samweli 23 wanaume watatu walipenya kambi ya Wafilisti kumletea maji ya kisima cha Bethlehemu. Walifanya kwa upendo, hakuwatuma. Naye hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa sababu machoni pake yalikuwa ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Kiongozi anaruhusiwa kuona kiu yake mwenyewe na bado akakataa kikombe.

Na hapa Kenya hatuwezi kuandika juu ya kufunga kana kwamba mwaka 2023 haukuwepo. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na wengi wao walikufa kwa njaa. Ni rahisi kusema wale walikuwa wapotovu, sisi hatuko hivyo. Kweli hatuko hivyo. Lakini kiongozi anapoanza kuona udhaifu wa mwili wa mtu kuwa ushahidi wa imani yake, ameshaweka mguu kwenye njia ileile, hata kama hana nia ya kufika mbali.

Mfungo ujao, kabla ya zamu za maombi kupangwa, mama mmoja wa kanisa ambaye ni muuguzi atakaa na akina dada peke yao, bila sisi wanaume. Atakayeambiwa apumzike asiulizwe sababu na mtu yeyote, hata mimi. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye sukari au vidonda vya tumbo aongee na daktari kwanza. Na usikimbilie tembe kwa kemisti kabla ya kupimwa, kwa maana malaria na minyoo pia humaliza damu, na hayo yana dawa yake. Ukishaandikiwa tembe za chuma, usishtuke choo kikiwa cheusi, ni kawaida. Zikikusumbua tumbo, rudi wakubadilishie. Usiziache kimyakimya.