Mama Akiondoka, Amana ni ya Nani?

Wengi wetu tukisikia neno usonji humfikiria mtoto: hasemi, hatazami watu usoni, hurudia jambo lile lile kila siku. Lakini mtoto huyo hukua, akafika miaka thelathini na arobaini, na usonji angali nao. Kwani huo si maradhi ya kupita, ni umbile lake. Je, mtu mzima huyu ana haki gani juu yetu?

Tutazame Kisii na Nyamira. Nchi ile ina rutuba ya chai na ndizi, lakini watu ni wengi na mashamba ni madogo. Mwanamume hupimwa kwa shamba lake na nyumba aliyoijenga. Asiyesema wala kuoa huhesabiwa nani? Tena asiyefahamika huogopwa. Oktoba 2021, huko Marani, vikongwe wanne wanawake waliuawa kwa kudhaniwa wachawi. Penye hofu kama hiyo, si ajabu mama akaona heri amfiche mwanawe.

Wala sisi wa pwani tusiwacheke. Wao wakisema uchawi, sisi husema jini. Na mlango hufungwa vile vile.

Wako wasemao: anaye mamake, yatosha. Hoja hii ina ila moja: mama hufa.

Mtu wa kwanza katika maelezo ya usonji aliyoyatoa daktari Leo Kanner mwaka 1943 alikuwa Donald Triplett wa Marekani. Alifanya kazi benki katika mji wake mdogo, akaendesha gari, akaishi hata 2023, umri wake miaka 89. Usonji haukumtoka, mji ndio uliomzoea. Kweli, wazee wake walikuwa na mali. Lakini je, heshima ya mtu iwe kwa mali ya babake?

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima. Lakini sheria haijui kwamba fulani huogopa mvumo wa mvua juu ya mabati. Ajuaye ni mtu wa karibu.

Basi yatupasa, mama angali hai, ndugu na majirani wakae wamtaje mlezi; naye ajifunze chakula apendacho mtu huyu, kazi aiwezayo, na jinsi aonyeshavyo kuwa anaumwa. Elimu hii haikuandikwa popote ila moyoni mwa mama. Asipoulizwa, atazikwa nayo.